Jason Sendwe: mwalimu aliyetaka kuwa daktari

Wakaaji wa Kolwezi wanaosafiri kwenda Lubumbashi kutafuta matibabu hawakosi kulisikia jina la Sendwe. Wengi wanalijua kama jina la hospitali tu. Wachache wanakumbuka kwamba mwenye jina alikuwa mwalimu, na kwamba udaktari alioutamani hakuupata.

Jason Sendwe alizaliwa mwaka 1917 huko Mwanya, eneo la Kabongo, kaskazini mwa Katanga. Alisoma katika shule za wamisionari Wamethodisti, akafunzwa kazi ya ualimu. Wakati wa Wabelgiji, kijana Mkongomani aliyemaliza shule alikuwa na njia chache: ukarani, ualimu, uuguzi, kazi ya kanisa, au kibarua cha reli na cha migodi ya Union Minière.

Sendwe alifundisha na kuhubiri, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kutibu watu. Kikwazo hakikuwa akili wala bidii. Katika koloni hapakuwa na shule ya kumpa Mkongomani shahada ya udaktari. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, yeye tayari akikaribia miaka 40. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, haikuwa na daktari Mkongomani hata mmoja.

Hakungoja mlango ufunguliwe. Alirudi kukaa kwenye benchi la mwanafunzi, akasomea uuguzi na kazi ya msaidizi wa daktari, ngazi iliyokuwa karibu na mwisho kwa mtu mweusi. Darasani na kanisani alikuwa amezoea kusema mbele ya watu. Kwenye matibabu akajulikana na familia nyingi. Alipoingia siasa, hakuwa mgeni kwa wapiga kura.

Aliongoza Balubakat, chama cha Baluba wa Katanga, na mwanzoni mwa 1960 alikwenda Brussels kwenye mazungumzo ya uhuru. Mwezi wa tano alichaguliwa mbunge wa taifa. Patrice Lumumba alitaka awe mwakilishi wa serikali kuu huko Katanga, lakini Moïse Tshombe wa Conakat alikataa. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga.

Kaskazini wafuasi wa Balubakat walisimama kupigana. Vijiji vilichomwa, watu wengi wakafa. Mwezi wa kumi Sendwe alizunguka kaskazini chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa ili kutuliza watu. Mwaka 1961 akawa naibu waziri mkuu katika serikali ya Cyrille Adoula. Kujitenga kuliisha Januari 1963, askari wa Umoja wa Mataifa walipoingia Kolwezi, ngome ya mwisho ya Tshombe.

Mwaka huo huo Sendwe akawa rais wa jimbo la Nord-Katanga. Tarehe 19 Juni 1964, wakati wa uasi, aliuawa Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Hakufikisha miaka 50.

Kwa walimu wa Lualaba, maisha haya yanagusa swali la leo. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na madarasa yamejaa. Nje ya dirisha malori ya shaba na kobalti yanapita, na mwalimu ambaye mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi anajiuliza kama abaki na chaki au afuate mgodi.

Kuondoka si aibu, na kubaki si ujinga. Kinachoumiza ni kukaa miaka bila kujua unakwenda wapi. Sendwe alizuiwa na sheria za koloni. Mwalimu wa leo mwenye D6 anazuiwa zaidi na pesa na muda, na hivyo vinaweza kuhesabiwa: diploma gani inatakiwa, miaka mingapi, gharama kiasi gani, na hatua gani inawezekana mwaka huu. Akitaka kuwa mkaguzi, mkurugenzi wa shule au fundi wa mgodi, hesabu ni ile ile.

Sendwe alikufa bila kuwa daktari. Leo madaktari Wakongomani, ambao wote walifundishwa kusoma na mwalimu fulani wa shule ya msingi, wanatibu wagonjwa katika hospitali yenye jina lake.