Mkono wa Livingstone

Safari hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye jina lake tunalisikia sana katika masomo ya historia: David Livingstone. Hatutaongea juu ya mito na maziwa aliyoyaona. Tutaongea juu ya mkono wake wa kushoto.

Livingstone alizaliwa mwaka 1813 kule Blantyre, inchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini. Akiwa na miaka 10 tu alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na usiku alienda kusoma. Kiisha akajifunza kazi ya munganga, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini kama misionere.

Mwaka 1844, kule Mabotsa, simba walikuwa wanamaliza mifugo ya watu. Livingstone akaenda pamoja nao kuwinda. Akapiga simba mmoja risasi, lakini kabla ya kutia risasi zingine yule simba akamrukia, akamvunja mfupa wa mkono. Mwalimu Mebalwe, Mwafrika, akaelekeza bunduki, lakini haikulia. Simba akamwacha Livingstone, akamwuma Mebalwe paja. Ndipo mtu mwingine akaja na mkuki. Huyu, Livingstone alikuwa amemwokoa zamani, siku nyati alipomrusha. Naye akaumwa bega. Halafu simba akaanguka, akafa kwa zile risasi za kwanza.

Tuangalie vizuri hapa. Watu watatu waliumizwa siku ile, na wawili kati yao waliumia wakiokoa mwenzao. Kovu la Livingstone linajulikana dunia nzima. Kovu la Mebalwe, nani analikumbuka?

Mfupa ule haukushikana vizuri. Livingstone akaishi karibu miaka 30 na mkono ulio zaifu, na nao akafika hata huku Kongo. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, siku watu wa biashara ya watumwa walipopiga risasi sokoni. Mamia wakafa, wengi wao wanawake, wengine majini. Habari alizoandika zilisaidia kuamsha watu wa Uingereza, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Tusimfanye malaika. Mke wake Mary na watoto waliteseka sana juu ya safari zake. Kovu halimfanyi mtu kuwa mtakatifu.

Alikufa mwezi wa 5, 1873, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao wakazika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili, wakaubeba miezi mingi mpaka Bagamoyo. Ulipofika London mwaka 1874, watajuaje kama ni yeye kweli? Munganga William Fergusson akapima mkono wa kushoto, akakuta pale mfupa ulipovunjwa na simba. Basi, akazikwa kwa heshima katika Westminster Abbey.

Habari hii inatukumbusha Yoane sura ya 20. Tomasi hakuomba kuona uso wa Bwana, aliomba kuona alama za misumari. Bwana alifufuka na utukufu, lakini makovu hakuyaacha kaburini, juu yanaonyesha aliumizwa kwa ajili ya nani. Na Paulo, akiwaandikia Wagalatia, alihesabu alama za mwili wake kuwa za Yesu.

Katika shule zetu wako wenzetu wenye makovu: ya moto, ya kupasuliwa, hata ya vita. Wengine wanayaficha chini ya shati, kwa kuogopa kuchekwa. Tusiwaambie ovyo kwamba ni Mungu aliyewaumiza. Lakini wajue kwamba Bwana wao pia anayo makovu, na haoni haya. Na sisi tunaopenda kucheka, tujiulize kwanza: huyu mwenzetu alikuwa anamwokoa nani?