Joseph Henry, mwalimu aliyetengeneza rele kabla ya magari kuwepo

Dereva anapowasha taa kubwa za gari, husikia mlio mdogo kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi kilicho karibu na batri: tik. Hiyo ni rele inayounganisha umeme. Joseph Henry alitengeneza kifaa cha aina hiyo mwaka wa 1835, miaka hamsini kabla ya gari la esansi la Karl Benz, na hakukiombea hati ya uvumbuzi.

Henry alizaliwa tarehe 17 Desemba 1797 katika mji wa Albany, nchini Marekani, kwa wazazi maskini. Baba yake alifariki mapema. Akiwa na miaka 13 alipelekwa kujifunza kazi ya kutengeneza saa. Mwaka wa 1819 alikubaliwa kusoma bure katika shule ya Albany Academy, huku akifundisha watoto wa wengine ili apate kuishi. Mwaka wa 1826 akawa mwalimu wa hapo hapo.

Alifunika waya kwa hariri, akauzungusha mara nyingi kwenye chuma bila umeme kuvuja. Sumaku aliyotengenezea chuo cha Yale mwaka wa 1831 iliinua zaidi ya kilo 900.

Baada ya kuhamia Princeton, alishughulikia tatizo lingine: umeme ukisafiri mbali kwenye waya, hupungua nguvu. Akaamua umeme huo dhaifu ufanye kazi moja tu, yaani kuvuta kipande kidogo ili kuunganisha au kukata njia ya batri nyingine yenye nguvu.

Katika gari ni vile vile. Kitufe cha dereva hupeleka umeme mdogo, chini ya ampea moja, kwenye miguu ya rele yenye namba 85 na 86. Sumaku ya ndani huvuta, na umeme mkubwa wa taa hupita kati ya 30 na 87. Bila rele, kitufe kingebeba mzigo wote, na mafundi wanajua namna vitufe hivyo vinavyoungua.

Henry aligundua pia kwamba waya uliozungushwa hutoa cheche umeme unapokatwa. Ndiyo sababu rele nyingi zina diodi au rezistansi ndogo ndani.

Mtu mwingine ndiye aliyetajirika: Samuel Morse alipata hati ya telegrafu mwaka wa 1840, baada ya kusaidiwa na maarifa ya Henry. Kesi zilipofika mahakamani, Henry aliitwa kutoa ushahidi, na mwaka wa 1855 Morse akamshambulia kwa maandishi. Wasimamizi wa taasisi ya Smithsonian, ambayo Henry aliiongoza tangu 1846, walichunguza wakampa haki. Ni kweli, hao walikuwa wakubwa wake wa kazi, lakini tarehe za majaribio yake zilikuwa wazi.

Alifariki mjini Washington tarehe 13 Mei 1878, akiwa bado kazini. Rais Rutherford Hayes alihudhuria mazishi yake.