Denis Burkitt, daktari aliyeutembeza utafiti wake kwa gari

Madaktari wakilitaja jina la Burkitt, mara nyingi huwa wanataja ugonjwa, si mtu. Ni saratani inayovimbisha taya na matumbo ya watoto, na habari zake zilienea duniani kutoka Kampala. Ila makala ya kwanza aliyoiandika Burkitt kuhusu ugonjwa huo haikushtua watu wengi.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi, baadaye akahamia udaktari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi. Mwaka 1946 alifika Uganda, akaanzia Lira, kisha akawa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto mmoja aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, Burkitt akakutana na mtoto mwingine mwenye hali hiyo hiyo. Akafukua majalada ya Mulago, akakuta wengine. Mwaka 1958 akaandika aliyoyaona katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza.

Siku hizi mtafiti hupimwa kwa wingi wa makala zake na mara ngapi wenzake wamezinukuu katika kazi zao. Kama Burkitt angepimwa hivyo mwaka 1960, angeonekana daktari wa kawaida tu wa mbali. Sisi tuliosoma ukimbizini tunalifahamu jambo hili. Mimi nilirudi nyumbani na vyeti vya shule ya kambini, nikavizungusha ofisi hadi ofisi. Hakuna aliyesema ni vya uongo, bali hakuna aliyetaka kuvisoma.

Wahenga walisema chema chajiuza. Burkitt hakungoja kijiuze. Alichapisha vikaratasi vyenye picha na maswali, akavituma hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Majibu yalipokuja akayachora kwenye ramani. Mwaka 1961 akanunua gari kuukuu aina ya Ford, akaondoka Kampala na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Kwa wiki kumi hivi walikwenda kusini mwa Afrika na kurudi, safari ya kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali hadi hospitali. Waligundua kwamba nyanda za juu zenye baridi hazina ugonjwa huo, ila mabonde yenye joto na mvua yanao.

Mwaka huo huo, kabla ya safari hiyo, alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, ambaye aliomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi walivyovikuta humo. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo inafahamika kwamba virusi hivyo, vikikutana na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, humweka kwenye hatari ya ugonjwa huu. Pia ilionekana kwamba dawa zinaweza kuuyeyusha uvimbe ambao kisu kilishindwa. Makala ya mwaka 1958, iliyopuuzwa mwanzoni, ikanukuliwa tena na tena.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza alihubiri faida ya vyakula visivyokobolewa, akikumbuka milo aliyoiona vijijini Afrika. Si yote aliyoyasema hapo yamethibitika, lakini aliwafanya watu wautazame upya mkate mweupe. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Ndugu msomaji, wewe unayevusha bidhaa mpakani unajua kwamba mzigo ulioachwa ghalani haununuliwi hata ukiwa bora namna gani. Na tusisahau kwamba ramani ile isingechorwa bila wauguzi na madaktari wa hospitali ndogo waliojibu maswali, wala bila akina mama waliowabeba watoto wao hadi mlangoni. Majina yao hayanukuliwi popote. Kazi yao imo ndani ya kila nukuu.