John Boyd Dunlop, Daktari wa Farasi Aliyetupa Matairi ya Upepo

Wengi wetu huja shuleni kwa baiskeli, na jina la Dunlop tumelisoma ubavuni mwa matairi. Ni jina la mtu, naye hakuwa fundi wa magurudumu hata kidogo.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari, 1840, katika kijiji cha Dreghorn, Uskoti. Alisomea udaktari wa wanyama mjini Edinburgh, na alipofika umri wa miaka 19 alikuwa amekwisha hitimu. Mwaka 1867 akahamia Ayalandi, akatibu farasi miaka mingi. Kazi ilimwendea vizuri, kwani siku zile mizigo ya mji ilivutwa na farasi.

Basi alikuwa na mwana mdogo, Johnnie, mwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Matairi ya zamani yalikuwa mpira mtupu, mgumu, usio na kitu ndani, na njia za Belfast zilitandikwa mawe. Kijana alitikiswa mpaka mifupa ikamwuma. Mwishoni mwa mwaka 1887 baba yake alichukua ubao wa mviringo, akaunganisha mpira mwembamba kwa gundi ukawa kama mrija, akauzungushia ubaoni, akaufunika kwa kitambaa cha kitani kilichopigiliwa misumari, kisha akaujaza upepo kwa bomba la mpira wa kuchezea. Akalisukuma uani gurudumu la baiskeli ya mwanawe. Likaenda kidogo, likaanguka. Akausukuma ubao wake. Ukavuka ua wote ukagonga nguzo ya lango.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana watu hudhani upepo ni wa starehe tu. Gurudumu gumu likikuta kokoto halina budi kuipanda, likiinua chombo pamoja na mpandaji wake, na nguvu za miguu hupotea katika kutikisika huko. Tairi la upepo huimeza ile kokoto, chombo kikaendelea sawasawa. Kwa hiyo kilichotafutwa kwa ajili ya raha ya mtoto kikaleta mbio pia. Dunlop akapewa hati ya haki ya uvumbuzi mwezi wa Desemba, 1888.

Ushahidi ulitolewa kiwanjani. Tarehe 18 Mei, 1889, katika michezo ya Queen's College, Belfast, mwendeshaji mmoja, Willie Hume, alitokea na baiskeli yenye matairi manene ya Dunlop. Mashindano ya baiskeli yalikuwa manne, naye akashinda yote manne. Miongoni mwa walioshindwa walikuwamo wana wa Harvey du Cros, mfanya biashara wa Dublin. Mzee huyo hakununa. Mwaka huo huo alianzisha kampuni ya kutengeneza matairi hayo pamoja na Dunlop.

Lakini tairi la kushinda kiwanjani si lazima lifae barabarani. Lile la Dunlop lilibandikwa kabisa gurudumuni. Kiwanjani haidhuru, kwa kuwa hakuna miiba wala misumari. Barabarani likipata pancha ilikuwa taabu ya saa nyingi. Mwaka 1890 wengine wawili, Welch na Bartlett, kila mmoja kwa njia yake, walibuni matairi ya kuvuliwa na kuvishwa, na kampuni ikanunua haki zao. Naona hao wawili wanastahili shukrani zetu nusu kwa nusu na Dunlop, kila tunapobandika kiraka kando ya njia. Hata leo waendeshao motokaa za mashindano wana shauri lile lile: tairi laini lisilo na mifereji hushika sana njia kavu, lakini huisha upesi, na mvua ikinyesha huteleza vibaya. Anayetaka kushindana mchana na kurudi nyumbani jioni kwa matairi yale yale hana budi kupunguza huku ili apate kule.

Mwaka 1890 pia habari mbaya ilifika. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha pata hati ya tairi la upepo mwaka 1845, kabla baiskeli hazijaenea. Hati ya Dunlop ikawa si kitu. Alikuwa ameitoa kwa kampuni akapata hisa 1,500. Mwaka 1895 akajiuzulu. Mwaka uliofuata kampuni iliuzwa kwa pauni 3,000,000, na mnunuzi akaiuza tena kwa pauni 5,000,000. Jina lake likabaki katika biashara, utajiri ule ukaenda kwa wengine.

Liko jambo zito zaidi. Matairi yalifanya mpira utakiwe sana duniani. Katika Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji tangu 1885 hata 1908, watu walishurutishwa kwenda msituni kugema mpira, na wengi waliuawa au kukatwa mikono. Dunlop hakuwa na amri katika mambo hayo, ila mimi siwezi kusimulia habari za tairi nikawaacha watu wale.

Dunlop mwenyewe aliishi Dublin kwa utulivu, akiwa na shughuli katika duka la nguo. Alifariki huko tarehe 23 Oktoba, 1921, mwenye umri wa miaka 81, akazikwa Deans Grange.