Augustino wa Tagaste

Zamani za Warumi palikuwa na mji mdogo katika Afrika ya kaskazini, jina lake Tagaste. Augustino alizaliwa humo mwaka 354. Alikuwa na akili nyingi, lakini aliiacha njia njema. Mama yake, Monika, alimlilia na kumwombea miaka mingi. Mwaka 387 Augustino alibatizwa Milano. Mwaka ule ule Monika alikufa njiani, asiuone tena mji wao. Augustino alirudi Tagaste, akaiacha mali ya baba yake, akakaa na rafiki zake katika sala. Baadaye akawa askofu wa Hippo, akafa mwaka 430. Machozi ya mama hayakupotea bure.

Siku hizi Tagaste huitwa Souk Ahras, katika Algeria. Hakuna askofu akaaye humo tena. Lakini Papa huwapa jina lake maaskofu wasio na jimbo lao, lisisahauliwe.