Monika wa Thagaste: Mama Aliyevuka Bahari

Kila tarehe 27 Agosti Wakatoliki humkumbuka Mtakatifu Monika, na karibu kila mara tunaletewa mama yuleyule: mnyonge, analia, anasali, anamngoja mtoto mkorofi aongoke. Huyo mama mimi simkubali sana. Nimesoma Maungamo ya mwanae Agustino mara mbili humuhumu hosteli, na niliyemkuta mle ni mama mwenye mamlaka katika ukoo wake, mkali, mwenye mipango mirefu, ambaye akishaamua jambo hata bahari haimzuii.

Tena ni Mwafrika. Alizaliwa mwaka 331 hivi huko Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria, enzi za Dola ya Roma. Kwao walikuwa Wakristo. Alilelewa na mtumishi mzee wa kike asiye na mchezo: nje ya saa za kula, watoto hawakuruhusiwa kunywa hata maji. Na bado binti akajifunza kuonja divai. Akitumwa kuichota anaibia funda moja, kesho tena, mpaka ikawa vikombe. Siku moja kijakazi waliyegombana naye akamwita mlevi. Ikamchoma, akaacha. (Nampenda Agustino kwa kutokuificha habari hii ya mama yake.)

Akaozwa kwa Patricius, diwani wa mji, mtu asiye Mkristo, mkarimu ila mwepesi wa hasira na asiye mwaminifu katika ndoa. Monika hakubishana naye akiwa amewaka; alingoja apoe ndipo aseme. Wanawake wenzake waliokuwa na alama za vipigo usoni walishangaa yeye hana hata moja. Akawaambia wakumbuke kwamba hati ya ndoa imewafanya watumishi, wasishindane na mabwana zao. Hapa huwa naweka kitabu chini kwanza. Huenda ushauri ule uliwapunguzia baadhi yao ngumi, sawa, lakini ngumi yenyewe haukuigusa. Mama mkwe naye, aliyekuwa amejazwa maneno na wajakazi, mwishowe akawa upande wake. Patricius alibatizwa karibu na kufa kwake.

Sasa habari ya ada, maana hapo ndipo wengi wetu tunamwelewa. Agustino alizaliwa mwaka 354, akawa na akili darasani, lakini alipofika miaka 16 alikaa nyumbani mwaka mzima bila kusoma kwa sababu fedha ya kwenda Karthago ilikuwa bado inatafutwa. Hakukuwa na bumu. Alipokuwa na miaka 17 hivi baba akafariki, na mama mjane ndiye akaendelea kumsomesha, huku tajiri mmoja wa mjini, Romanianus, akiwasaidia. Kijana naye huko Karthago akapata mwanamke, wakaishi pamoja bila ndoa, wakazaa mtoto wa kiume, Adeodatus. Juu ya hayo akaingia dini ya Mani. La mwanamke mama alilivumilia. La dini hakulivumilia. Aliporudi Thagaste kufundisha, mama alikataa kukaa naye meza moja, mpaka ndoto aliyoota ikamlainisha.

Mwaka 383 Agustino aliamua kwenda Roma. Mama akamganda mpaka pwani: ama warudi nyumbani, ama waondoke wote. Ndo akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki anayesubiri upepo. Usiku ule mama alikuwa kwenye kanisa la Mtakatifu Sipriani anasali. Kulipokucha meli imeshaondoka. Mwingine angesusa. Yeye baadaye alipanda meli akamfuata mpaka Milano, na bahari ilipochafuka ndiye aliyewatia moyo mabaharia.

Na Milano ndipo penye jambo linalonisumbua. Agustino sasa ni mwalimu mkubwa, anahitaji ndoa ya maana. Mama akashughulika mpaka akapatikana binti wa kuchumbiwa, ambaye alikuwa bado miaka miwili afikishe umri wa kuolewa. Yule mwenza wa miaka zaidi ya kumi akaonekana kikwazo. Akarudishwa Afrika peke yake, mtoto akaachwa kwa baba. Aliapa kutokuwa na mwanaume mwingine. Agustino, akishindwa kusubiri, akatafuta mwanamke mwingine, na ile ndoa yenyewe haikufungwa kamwe. Wanaohubiri habari za Monika huliruka jambo hili. Mimi naona tukilitoa, hata machozi yake yanapungua uzito, maana kuna mama mwingine aliyekuwa analia pia, na jina lake halikuandikwa.

Lakini mtu huyuhuyu alijua kutii. Kwao Afrika walizoea kupeleka uji, mikate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Bawabu wa Milano akamwambia Askofu Ambrosi amekataza. Akaacha bila ubishi. Mwaka 386, Agustino alipoongoka na kwenda kupumzika shamba la Cassiciacum pamoja na wenzake, mama aliingia kwenye mijadala yao ya falsafa, na hoja zake zikaandikwa. Yeye mwenyewe alishangaa mwanamke kuwekwa kwenye vitabu vya namna hiyo.

Agustino na Adeodatus walibatizwa Pasaka ya mwaka 387. Wakiwa Ostia wanasubiri meli ya kurudi nyumbani, Monika akashikwa na homa. Alikuwa ameshaandaa kaburi lake ubavuni mwa mumewe Thagaste, ila sasa akasema mwili wazike popote, wamkumbuke tu altareni. Alifariki siku ya tisa, akiwa na miaka 56. Adeodatus alipasua kilio, wakubwa wakamnyamazisha. Baba yake alijikaza hadi baada ya maziko.

Mwaka 1945 vijana waliokuwa wakichimba shimo la kusimika nguzo ya mchezo huko Ostia walikuta kipande cha jiwe lake la kaburi.