J.M. Kariuki: mbunge ambaye polisi walisema hawajui aliko

Kila tunapozungumzia utendakazi wa polisi hewani, jina la Josiah Mwangi Kariuki halichelewi kutajwa. Wengi wanaolitaja, kama mimi, hawakuwa wamezaliwa alipouawa mwaka wa 1975. Alivyokufa kunajulikana kiasi. Alivyoishi hakusimuliwi sana, ilhali ukijua maisha yake ndipo kifo chake kinaanza kueleweka.

J.M. alizaliwa mwaka wa 1929 katika Bonde la Ufa. Wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri na kwenda kuishi kama maskwota katika mashamba ya walowezi. Skwota alilima kipande kidogo kwa hisani ya Mzungu, naye akamlipa kwa jasho. Siku akikasirikiwa, alifungasha virago na watoto wake. Kijana huyo alisoma kwa kukatizwakatizwa, karo ikikosekana huku na ikipatikana kule, mpaka akafika shule ya King's College Budo nchini Uganda.

Mwaka wa 1953, wakati wa hali ya hatari, alikamatwa mjini Nakuru kwa kuhusishwa na Mau Mau. Hakufunguliwa mashtaka wala hakupewa kifungo cha miaka kadhaa. Alizuiliwa tu, akahamishwa kambi baada ya kambi, 14 kwa jumla, Manyani ikiwemo, hadi alipoachiliwa mwaka wa 1960. Hiyo ni miaka saba bila hakimu.

Ni huko kambini ndiko tabia yake ilikoonekana. Wafungwa wengi walijifunza kunyamaza ili waishi. J.M. aliandika barua. Alieleza vipigo, chakula kibovu na kazi za kulazimishwa, kisha barua zikapenyezwa nje kwa siri hadi kwa wabunge na wakuu wa serikali nchini Uingereza. Kila ilipojulikana kwamba ni yeye mwandishi, alipigwa. Akaandika nyingine. Kisa hicho alikisimulia katika kitabu chake Mau Mau Detainee, kilichochapishwa mwaka wa 1963, na ukikisoma leo utashangaa kuwa hakijajaa chuki. Kinachomsumbua zaidi ni kwamba mtu mwenye sare anaweza kukutenda atakalo bila kumjibu yeyote.

Baada ya uhuru mambo yalimnyookea. Alikuwa katibu binafsi wa Mzee Jomo Kenyatta, akasimamia Huduma ya Vijana kwa Taifa, akawa mbunge na baadaye waziri msaidizi. Alitajirika pia. Alikuwa na mashamba, alipenda mbio za farasi, na hakujificha. Wapinzani wake walimcheka kwa hilo: anawatetea maskini vipi mtu mwenye farasi? Ni swali la haki, na sidhani aliwahi kulijibu vizuri. Lakini aliendelea kusema hadharani kwamba ardhi iliyopiganiwa ilikuwa ikiishia mikononi mwa wachache, na kwamba Kenya ilikuwa ikijenga kundi dogo la mabwanyenye juu ya umati wa ombaomba. Maneno hayo yaliwauma wakubwa kwa sababu yalitoka kwa mtu wa ndani, aliyejua nani alipata nini. Mikutano yake ikaanza kunyimwa vibali. Katika uchaguzi wa 1974 wapiga kura wa Nyandarua Kaskazini walimrudisha Bungeni hata hivyo.

Machi 1975 ilianza vibaya. Jumamosi tarehe 1, bomu lililipuka ndani ya basi katika kituo cha OTC jijini Nairobi na kuua watu 27. Jiji lilikuwa na hofu. Kesho yake, Jumapili, J.M. alionekana katika hoteli ya Hilton akiondoka pamoja na Ben Gethi, kamanda wa kikosi cha GSU. Hakuonekana tena akiwa hai.

Kilichofuata ndicho hasa kinachohusu imani ya raia kwa polisi. Mwili wake ulipatikana na mchungaji wa Kimaasai siku iliyofuata, katika vilima vya Ngong, ukiwa na majeraha ya risasi. Ukapelekwa mochari ya City na kuwekwa kama maiti ya mtu asiyejulikana. Huyu alikuwa mbunge mwenye sura iliyojulikana kila mahali. Familia ilikuwa ikimtafuta. Huku nje, gazeti moja kubwa liliandika kwamba yuko Zambia, na Makamu wa Rais wakati huo, Daniel arap Moi, aliyekuwa pia Waziri wa Mambo ya Ndani, akawaeleza wabunge kwamba habari alizokuwa nazo ni hizo hizo za Zambia. Tarehe 11, wake zake walifika mochari na kumtambua. Kwa zaidi ya siku saba, mtu aliyekuwa akitafutwa alikuwa amelala katika jokofu la umma, akiwa amefikishwa huko kupitia mikono ya polisi wenyewe.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia barabarani. Bungeni, wabunge walikataa uchunguzi wa polisi peke yake. Hapo ikumbukwe kwamba mwaka ule hakukuwa na chombo chochote huru cha kuwachunguza askari. Malalamiko dhidi ya polisi yalipelekwa kwa polisi. Wabunge wakaunda kamati teule yao, ikiongozwa na Elijah Mwangale, na ikahoji mashahidi kuanzia wahudumu wa hoteli hadi maafisa wakuu.

Ripoti iliwasilishwa tarehe 3 Juni. Kamati iliridhika kwamba polisi walikuwa wamefanya jitihada kubwa za kuficha ukweli, na ikataja watu waliostahili kuchunguzwa zaidi, Gethi akiwa mmoja wao. Kutajwa si kupatikana na hatia, na kamati yenyewe haikuwa mahakama. Lakini kabla ripoti haijafika mezani, Mwangale aliitwa mbele ya Rais, na majina mawili yakaondolewa: la Mbiyu Koinange, waziri katika afisi ya Rais, na la mlinzi mmoja wa Rais. Serikali kisha ikataka Bunge liitambue tu ripoti bila kuikubali. Tofauti ya maneno hayo ni kubwa: ukitambua, hulazimiki kufanya lolote. Kura zikapigwa, na serikali ikashindwa kwa 62 dhidi ya 59.

Waliokuwa serikalini na kupiga kura na wale 62 waliadhibiwa upesi. Waziri Masinde Muliro alifutwa kazi, pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Oktoba mwaka huo huo Martin Shikuku na naibu spika, Jean-Marie Seroney, walikamatwa na polisi katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini. Seroney hakutoka hadi 1978. Kwa hiyo waliouliza maswali juu ya mauaji walikamatwa haraka kuliko aliyeua.

Msikilizaji anaweza kuuliza sheria ya leo ingefanya nini. Chini ya katiba ya 2010 ilipitishwa sheria ya 2011 iliyounda mamlaka ya IPOA, ambayo ina wajibu wa kuchunguza vifo na majeraha mabaya yanayoshukiwa kusababishwa na polisi, bila kusubiri ruhusa ya Inspekta Jenerali. Mwaka wa 2017 ikapitishwa sheria ya huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo, ili maiti kama ile ya Ngong isitegemee neno la askari peke yake. Makaratasi yapo, tofauti na 1975. Lakini familia zinazozunguka mochari hadi mochari zikitafuta kijana aliyebebwa kwenye gari lisilo na nambari zinajua kuwa mwendo kati ya sheria na jokofu ni mrefu.

J.M. alizikwa katika shamba lake huko Gilgil. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliorodhesha mauaji yake katika ripoti yake ya 2013, kwenye sura ya mauaji ya kisiasa. Ben Gethi alibaki kazini. Mwaka wa 1978 aliteuliwa kuwa Kamishna wa Polisi, mkuu wa kikosi chote nchini, na akashikilia cheo hicho hadi alipoondolewa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Kwa mauaji ya J.M. Kariuki, hakuna mtu aliyewahi kuhukumiwa.